Jaribio la Banda la Kuku

Shule, Bweni la Juu
18 Januari

Shangazi mpendwa,

Mwalimu wetu wa lugha anataka kila barua ianze na hali ya afya, kwa hiyo nasema haraka: mimi ni mzima, meno yangu yote yapo. Sasa nikueleze kilichonifanya nichukue kalamu kabla ya kengele ya chakula.

Furushi lako la ripoti za mwaka za makampuni limefika. Matroni alidhani ni vitabu vya hadithi. Aliposhika kile cha kiwanda cha mabati akasoma ukurasa mmoja, akanirudishia akisema, "Mwanangu, huyu shangazi yako anakupenda kweli au anakukomoa?"

Nimezisoma, Shangazi. Uliniambia kama kweli nataka kuwa mkaguzi wa hesabu kama wewe, nianze na ile sehemu ambayo mkaguzi anawaambia wenye hisa ni hatari gani aliyoiona katika kampuni. Nimeanza hapo. Katika ripoti ya kiwanda cha mabati nimekuta hivi:

"Kampuni inakabiliwa na hatari mbalimbali zinazoweza kuathiri mapato yake. Tulitathmini hatari hizo, tukapitia taratibu za menejimenti, na tukaridhika kwamba taratibu hizo zinafaa kulingana na mazingira."

Nikaisoma tena na tena, sikujua hatari yenyewe ni ipi. Nikajiona mjinga. Halafu nikafanya jambo ambalo naomba usinikasirikie. Nilifuta neno "kampuni" nikaandika "banda la kuku", lile la klabu yetu ya kilimo. Ikasomeka vizuri kabisa! Banda la kuku linakabiliwa na hatari mbalimbali. Menejimenti ni jogoo. Taratibu zake ni kuwika. Nasi tumeridhika.

Nikajaribu na ripoti nyingine tatu ulizonitumia. Zote zinaingia bandani bila kuinama.

Je, nimekosa adabu, au nimeona kitu?

Mpwa wako,
Kidadisi

*

Ofisini
27 Januari

Kidadisi wangu,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Umeona kitu.

Sikiliza. Hesabu za kampuni zinaweza kuwa sahihi kila tarakimu, na bado kampuni ikawa imekaa juu ya tawi bovu. Kazi yetu haiishii kusema hesabu ni sahihi. Tunapaswa kumwonyesha mwenye hisa lile tawi: liko wapi, kwa nini lilitunyima usingizi, tulilitikisaje ili kulipima, na ukurasa gani wa hesabu aende akalitazame mwenyewe. Wengi wetu tunaogopa kumuudhi mteja, basi tunaandika sentensi iliyovaa suti na tai lakini haina mtu ndani.

Na jambo jingine ambalo watu hawalijui. Sisi si wapiga mbiu. Siri ya mteja hatuitoi sisi kwanza. Tunawabana wakurugenzi waieleze wenyewe katika maelezo ya hesabu zao, kisha sisi tunanyoosha kidole: tazameni pale. Wakikataa kueleza, hapo ndipo meza inapopata moto.

Nilionyesha barua yako kwa mbia mkuu wa ofisi yetu, yule tunayemwita Kalamu Nyekundu kwa sababu hakuna karatasi inayopita kwake ikatoka bila jeraha. Aliisoma mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Hii aya ya mabati aliiandika nani?" Nikasema sijui. Akasema, "Mimi."

Bado nina kazi, usiwe na wasiwasi. Lakini sasa nakupa zoezi. Hilo banda lenu, liandikie aya ambayo haiwezi kuwa ya banda lingine lolote duniani.

Shangazi yako

*

Bweni la Juu
9 Februari

Shangazi mpendwa,

Nimefanya zoezi, na limeniletea matatizo, kisha limeniletea sifa. Aya yenyewe hii hapa:

"Ukuta wa nyuma wa banda, upande wa bomba la maji, una tundu linalopitisha mkono wa mwanafunzi. Nje ya tundu kuna nyayo za kicheche. Tuliingiza mkono, tukamulika kwa tochi, tukamuuliza mwenyekiti wa klabu. Alisema tundu litazibwa, lakini hatukuonyeshwa waya wala msumari. Hadi leo kuku wote wapo. Anayetaka kuhakikisha aende nyuma ya bomba."

Niliisoma mbele ya klabu. Mwenyekiti wetu ni dada wa kidato cha nne, mrefu, na akikasirika anazidi kurefuka. Alisimama akasema, "Wewe mtoto, wazazi wanakuja Jumapili kununua mayai, na wewe unatutangazia kicheche? Unataka tufunge banda?"

Nikajibu, "Dada, sijasema kuku wameliwa. Nimesema pale wanapoweza kuliwa."

Halafu mpishi aliyekuja kuchukua mayai akasema kutoka mlangoni, "Mimi nina waya jikoni." Kabla ya chakula cha jioni tundu likazibwa. Mwenyekiti hanisemeshi, ila jana alinipa yai lenye viini viwili. Nafikiri ndiyo njia yake.

Shangazi, nina swali ambalo si langu. Matroni anastaafu mwaka huu. Analala chumba cha mwanzo cha bweni letu tangu kabla mama hajanizaa, na kila msichana mwenye homa ameshikwa mkono naye. Ana hisa chache za ile kampuni inayokodisha vyumba vya baridi kwa wenye nyama, maua na dawa. Sasa anataka kuchukua kiinua mgongo chake chote akanunulie hisa zaidi za kampuni hiyo, ili apate pa kuegemea uzeeni. Ameniambia, "Muulize shangazi yako mkaguzi. Yeye anajua matumbo ya makampuni."

Je, afanye hivyo?

Mpwa wako,
Kidadisi

*

Ofisini
16 Februari

Kidadisi,

Hongera kwa aya ya banda. Ni nzuri kuliko nyingi nilizosoma mwaka huu.

Kuhusu hilo jingine: usiniandikie habari za hisa za mtu yeyote, wala za kampuni yoyote. Sitajibu. Niandikie masomo, kuku, na kama ile soksi yako ya kushoto iliyopotea imepatikana.

Shangazi yako

*

Bweni la Juu
24 Februari

Shangazi,

Soksi haijapatikana.

Sijui nimekosa nini. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa ngazini, na rafiki yangu akadhani nimepata habari ya msiba. Hujawahi kuniandikia kwa ubaridi hivyo, hata nilipovunja miwani yako.

Nilimwambia Matroni kwamba hukujibu. Nilitaka kumwonyesha kwamba nimeuliza. Lakini yeye amelipokea vingine kabisa. Amejipiga makofi magotini, akasema, "Umeona? Shangazi yako ni mtu wa watu. Kungekuwa na ubaya wowote, angenionya mama mzee kama mimi. Akinyamaza, ni kheri." Mwisho wa mwezi ujao anaenda kuchukua hela zake zote na kununua. Amekwisha kuwaambia wapishi wote. Anatembea kama bibi harusi.

Shangazi, je, kunyamaza kwako ni ndiyo? Niambie neno moja tu.

Mpwa wako

*

Ofisini
3 Machi

Mwanangu,

Barua hii, kabla ya kuitia kwenye bahasha, nimempa mbia mkuu aisome. Usishangae wala usiogope. Kuna barua ambazo mkaguzi haandiki peke yake, hata kwa mtoto wa kaka yake.

Kunyamaza kwangu si ndiyo. Wala si hapana. Ningenyamaza hivihivi kama ungeniuliza habari za kampuni ya dhahabu tupu, na ningenyamaza hivihivi kama ungeniuliza habari za kampuni inayoungua moto. Wanaotuajiri wanatufungulia kabati zote kwa sababu wanajua mdomo wetu umefungwa mpaka siku ya ripoti. Nikimnong'onezea Matroni, nimemwibia mwenye hisa mwingine ambaye hana mpwa wa kumwandikia mkaguzi. Msichana mwenye hisa moja na tajiri mwenye hisa lukuki wanapaswa kusoma jambo lilelile siku ileile.

Nimeambiwa ninaweza kukupa ushauri huu, ambao ningempa yeyote kuhusu kampuni yoyote, siku yoyote: kila mwaka kampuni hutoa ripoti, na mwenye hisa hutumiwa kitabu chake. Mtu asiweke maisha yake mahali kabla hajakisoma kitabu cha mwaka huo. Na asiishie kwenye picha za wakurugenzi wanaotabasamu. Asome sehemu ya mkaguzi.

Samahani kwa barua ya mwanzo. Nilitaka kufunga mlango, nikakubana vidole.

Shangazi yako

(Nimesoma. Sina cha kufuta, jambo ambalo halijapata kutokea. Salamu kwa jogoo na menejimenti yake. — K. Nyekundu)

*

Bweni la Juu
15 Machi

Shangazi mpendwa,

Vidole vimepona.

Nilimsomea Matroni barua yako yote, hata salamu za jogoo. Hakufurahi. Alisema, "Kumbe nimengoja miaka yote hii, sasa ningoje kitabu?" Nikamwambia ndiyo, Matroni, kitabu. Akasema bei ikipanda kabla hakijafika, atahamia kwako, atalala kitandani kwako, na wewe utalala sebuleni mpaka azeeke. Lakini ameahidi kungoja. Amenishika bega akasema, "Nangoja kwa sababu yako wewe. Ikiwa kitabu chenyewe hakisemi kitu, nitajua nilichezewa na watoto."

Hapo ndipo nimekosa raha. Nimekumbuka aya ya mabati. Itakuwaje akingoja, kitabu kije, na ndani yake kuwe na hatari mbalimbali na taratibu zinazofaa kulingana na mazingira? Atafunga kitabu, ataenda benki, na kiinua mgongo chake chote kitaingia mahali asipopajua. Na hawezi kupata kingine.

Sijui nani anakagua kampuni ile, wala sikuulizi. Naomba tu, popote alipo, awe na mkono usiotetemeka.

Kidadisi

*

Ofisini
30 Machi

Mwanangu,

Sitajibu barua yako. Nakuandikia habari za hali ya hewa: ni ya joto, hasa ndani ya majengo.

Kesho nina kikao. Meza ndefu, maji ya chupa, watu waliovaa vizuri kunizidi. Nimebeba karatasi moja ambayo watu wengi wangependa iwe laini zaidi. Wamenikumbusha, kwa upole mkubwa, kwamba mimi bado nina safari ndefu katika kazi hii.

Kwenye mkoba nimetia barua yako ya tarehe 9 Februari. Ile ya mkono tunduni.

Uniombee.

Shangazi yako

*

Bweni la Juu
20 Aprili

Shangazi! Shangazi! Shangazi!

Mwalimu wa lugha asiione barua hii, maana sianzi na afya.

Kitabu kimefika! Matroni alikuja nacho bwaloni wakati wa uji, bahasha bado haijafunguliwa, akakiweka mbele yangu kati ya vikombe. "Haya, mkaguzi wangu mdogo. Nisomee. Na usinirukie hata nukta."

Niliruka picha za wakurugenzi (hilo ulituruhusu). Nikafika sehemu ya mkaguzi. Nikasoma kwa sauti, na hata wale wanaogombania sukari wakaweka vijiko chini:

"Zaidi ya nusu ya vyumba vya baridi vya kampuni hukodiwa na mteja mmoja. Mkataba wake uliisha kabla ya mwaka kufungwa, na hadi siku ya kusaini ripoti hii hakuna mkataba mpya, kama wakurugenzi walivyoeleza katika maelezo namba 14. Thamani ya vyumba hivyo katika hesabu imekadiriwa kwa kuamini kwamba mteja huyo atabaki. Hili ndilo jambo lililotushughulisha kuliko yote. Tuliomba mkataba, tulionyeshwa barua ya mazungumzo isiyo na saini. Tulipiga hesabu upya kana kwamba mteja ameondoka: thamani ya vyumba ingeshuka sana, lakini kampuni ingeendelea kulipa madeni yake. Kwa maoni yetu hesabu zimetayarishwa kwa haki. Msomaji asome maelezo namba 14 kabla ya kuamua lolote."

Matroni aliweka kikombe chini. Alichukua kitabu, akavaa miwani, akaisoma mwenyewe polepole, mdomo ukitembea. Kisha akasema kwa ile sauti kubwa anayotumia kugawa blanketi, "Kumbe nyumba nzima inategemea mpangaji mmoja, na mpangaji mwenyewe hajasaini!"

"Ndiyo, Matroni."

"Na mimi nilitaka kumkabidhi uzee wangu!"

Shangazi, ameelewa! Hakuna aliyemfafanulia. Mpishi naye ameelewa, na mwenyekiti wa klabu, na yule mtoto wa kidato cha kwanza ambaye bado analia usiku. Bwalo zima lilikuwa linazungumzia mpangaji asiyesaini. Benki hajaenda. Hisa zake chache anazibakiza, na ameapa kwenda kwenye mkutano mkuu wa wanahisa kuuliza habari za saini.

Halafu nikafanya jaribio. Nilifuta "vyumba vya baridi" nikaandika "banda la kuku". Zaidi ya nusu ya banda la kuku hukodiwa na mteja mmoja... Imekataa, Shangazi! Imekataa katakata! Nimesukuma kila upande, haiingii. Nilicheka peke yangu mpaka nikapaliwa na uji.

Ndipo macho yangu yakashuka mwisho wa ukurasa, penye jina la ofisi iliyosaini.

Nimekaa nalo muda mrefu. Nimezirudia barua zako zote, na ile fupi ya baridi nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Sasa naona haikuwa baridi hata kidogo.

Mpwa wako anayejivunia,
Kidadisi

*

Ofisini
2 Mei

Kidadisi wangu,

Yaliyosemwa kwenye meza ndefu yatabaki kwenye meza ndefu, hata sasa. Kilichochapwa ndicho chako na cha Matroni. Lakini ya ofisini kwetu ninaweza kukupa.

Nilipoingia kikaoni sikuwa peke yangu. Kalamu Nyekundu alikuja, bila kuniambia, akakaa kiti cha pembeni. Nilipoulizwa kama sina namna ya kuyazungusha maneno, yeye ndiye aliyekohoa. Akasema, "Bwana, ofisi yetu sasa ina jaribio. Aya inayoingia kwenye banda la kuku haitoki ofisini." Walidhani ni istilahi ya kitaalamu. Wapo walioiandika.

Tangu siku hiyo, juu ya mashine ya kuchapa ofisini kwetu kuna picha ya kuku. Amechora mwenzangu wa meza ya pili. Kwa kweli anafanana zaidi na bata. Kila anayemaliza kuandika habari ya hatari ya mteja anasimama mbele ya kuku na kusoma kwa sauti. Juzi kijana mmoja mpya amerudishwa mara tatu. Alisema, "Huyu kuku ni mkali kuliko mtihani."

Na mwezi huu nimepewa kazi mpya: kupitia ripoti zote za ofisi kabla hazijasainiwa. Ile safari ndefu niliyokumbushwa imepata njia ya mkato.

Mwambie Matroni aulize swali lake bila woga. Kile kitabu kiliandikwa ili aulize.

Shangazi yako,
ambaye angependa kujua habari za soksi

*

Bweni la Juu
11 Juni

Shangazi mpendwa,

Mimi ni mzima, na wote hapa ni wazima, na zaidi ya uzima tunayo furaha.

Matroni amerudi kutoka mkutano wa wanahisa. Alivaa vazi lake la mahafali, akakaa safu ya mbele. Wakati wa maswali akasimama na kitabu kimefunguliwa, akauliza, "Maelezo namba 14. Mpangaji amesaini?" Nyuma yake ukumbi mzima ukasema, "Ndiyo, tuambieni!" Kumbe karibu kila mtu alikuja na swali hilohilo kifuani.

Sasa sikia jibu. Mkurugenzi mkuu alisimama akacheka kidogo, akasema alikuwa miongoni mwa waliohofia kwamba jambo lile likichapwa, yule mteja mkubwa atawashika shingo. Lakini mambo yalikwenda vingine. Watu walisoma kitabu wakajua kwamba vyumba huenda vikapatikana. Kampuni ya dawa ikapiga simu. Wauza maua nao wakaja kwa miguu yao. Walikuwa wakitafuta baridi muda mrefu wakidhani pamejaa. Wote wamesaini. Yule mpangaji mkubwa alipoona milango inachukuliwa, akaja mbio na kalamu yake mwenyewe!

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Matroni anasema alipiga makofi mpaka pete ikamtoka. Mtu mmoja mwenye suti alimuuliza amesomea wapi mambo ya fedha. Akamjibu, "Bwaloni, kwenye uji."

Amenunua hisa, Shangazi, lakini kwa sehemu tu ya kiinua mgongo, nyingine ameitenga. "Safari hii," ameniambia, "ninajua ninachokinunua, na ninajua kinapovuja."

Mwenyekiti wa klabu anamaliza shule, naye amenipendekeza mimi nichukue nafasi yake. Nimechaguliwa! Jambo la kwanza nililofanya ni kumpa msichana wa kidato cha kwanza tochi, yule aliyekuwa analia usiku, nikamwambia alikague banda na anisomee mbele ya wote chochote atakachoona, hata kama ni kosa la uongozi wangu.

Ameona. Komeo la mlango nililolifunga mwenyewe limelegea. Alisoma mbele ya klabu nzima, nami nilihisi masikio yakinichoma, na kwa dakika nzima nilitamani aandike "hatari mbalimbali". Kisha nikaenda kuchukua bisibisi.

Ndani ya kiota cha tetea mweusi, chini ya nyasi, alikuta pia soksi yangu ya kushoto. Ina yai ndani.

Kuku wote wapo.

Mpwa wako,
Kidadisi, mwenyekiti